Kadi za kompyuta: Mtaji usikwame kwenye sloti

WAFANYABIASHARA wanaouza kompyuta zilizotumika pamoja na vipuri vyake wana kila sababu ya kuwa makini zaidi tangu tarehe 14 Oktoba, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilifunga huduma ya kawaida kwa programu yake ya Windows 10. Programu iliyoifuata, Windows 11, inadai prosesa za Intel za kuanzia kizazi cha 8 na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kwa hiyo mashine za maofisini za kizazi cha 4 hadi cha 7, ambazo bado ni nzima, zimepungua thamani machoni mwa makampuni makubwa ya nje, na mashine za namna hiyo ndizo zinazofaa mfuko wa mnunuzi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue jijini Nairobi.

Mnunuzi huyo hachukui kompyuta peke yake. Mwenye stesheneri anataka kadi ya picha ili afanye kazi za usanifu na za video. Mwenye duka la dawa anataka kadi ya milango ya COM kwa ajili ya printa ya stakabadhi na droo ya fedha. Mwenye ofisi ndogo anataka kadi ya mtandao ya pili. Hizi ndizo zinazoitwa kadi za nyongeza, na kwa muuzaji zina faida kwa kuwa ni ndogo, hazichukui nafasi dukani, na husafirishwa kwa gharama ndogo.

Tatizo ni kwamba kadi isiyopatana na bodi mama ya mteja hurudi dukani. Ikirudi, mara nyingi hurudi bila boksi, bila skrubu zake, na wakati mwingine ikiwa imeungua.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua mfano wa mfanyabiashara aliyenunua kadi 20 kwa Sh 150,000 kila moja, akatia mtaji wa Sh 3,000,000. Anauza kwa Sh 180,000, faida Sh 30,000 kwa kadi. Zikienda zote, anabaki na faida ya Sh 600,000. Zikirudi 4 zikiwa haziuziki tena, zile 16 zilizobaki zinampa faida ya Sh 480,000, na zile 4 zinamla mtaji wa Sh 600,000. Ameuza asilimia 80 ya mzigo wake, na bado amepata hasara ya Sh 120,000 kabla ya kulipa kodi ya fremu. Bei hizo ni za mfano tu, lakini uwiano huo anaufahamu kila anayeuza vipuri.

Kinachoweza kuzuia hasara hiyo ni maswali machache ya dakika kumi kabla ya fedha kubadilishana mikono.

Sloti si zote sawa

Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, ambayo ndiyo mama wa kompyuta nyingi za mezani, ilikuwa na sloti 5 za kuongezea kadi. Sloti hizo zilikuja kujulikana kwa jina la ISA. Mwaka 1992 kampuni ya Intel ilileta PCI, ile sloti nyeupe ambayo mafundi wa zamani wanaikumbuka vizuri. Mwaka 1997 ikaja AGP kwa ajili ya kadi za picha peke yake, na kuanzia mwaka 2004 kompyuta za mezani zikaanza kuja na PCI Express, ambayo ndiyo inayotumika hadi sasa. Majina ya PCI na PCI Express yanafanana, lakini kadi ya moja haiingii kwenye sloti ya nyingine. Mteja akisema "nataka kadi ya PCI", muuzaji mzoefu hatoi kadi kabatini kabla ya kuuliza anamaanisha ipi.

Jambo hili si dogo kwa wenye maduka. Kadi nyingi za zamani za milango ya COM ni za PCI, na bodi nyingi za siku hizi hazina kabisa sloti hiyo nyeupe. Mfanyabiashara aliyekuta mzigo wa kadi hizo kwa bei ya kutupa ajiulize kwanza ni mashine zipi mjini bado zina sloti hizo. Kwa kawaida ni zile zenye kasha la mnara. Ndogo zake za muundo uleule mara nyingi hazina.

AGP nayo imekwishapita, lakini iliacha funzo ambalo bado linafaa. Kadi za kwanza za AGP zilitumia umeme wa volti 3.3, na zilizofuata volti 1.5. Watengenezaji waliweka mikato kwenye ukingo wa kadi ili ile ya volti 3.3 isiingie kwenye sloti ya volti 1.5. Zilikuwapo kadi ambazo mikato yake haikukatwa sawasawa. Ziliingia vizuri, na bodi zenye chipu za Intel 845 na 850, ambazo hazikuvumilia volti 3.3, ziliharibika. Kuingia kwa kadi kwenye sloti hakukuwa ushahidi kwamba inafaa.

Kwa upande wa PCI Express, hatari ya namna hiyo haipo. Kadi mpya huingia kwenye bodi ya zamani na kadi ya zamani kwenye bodi mpya, na zote mbili hukubaliana kufanya kazi kwa kasi ya ile iliyo nyuma. Ila hapo ndipo wauzaji wengi wanaposimama, wakidhani mambo yamekwisha.

PCI Express hupimwa kwa vitu viwili: idadi ya njia na toleo. Njia ndizo zile x1, x4, x8 na x16, na urefu wa sloti hufuata idadi hiyo. Toleo ni kasi ya kila njia. Toleo la 1 hupitisha megabaiti 250 kwa sekunde kwa kila njia, la 2 hupitisha 500, la 3 karibu 985, na la 4 karibu 1,970. Kadi fupi ya x1 inaweza kuwekwa kwenye sloti ndefu ya x16 na ikafanya kazi. Kadi ndefu ya x16 haiingii kwenye sloti fupi iliyozibwa mwishoni, na fundi anayetoa kisu kukata ukingo wa sloti anacheza na bodi ya mteja.

Mtego mkubwa zaidi ni sloti ndefu yenye njia chache. Kompyuta nyingi za maofisini, zikiwamo Dell OptiPlex za aina ya 7010 na 9020, zina sloti mbili zenye urefu wa x16, lakini ya pili imeunganishwa njia 4 tu. Ukiitazama kwa juu huoni tofauti isipokuwa rangi. Kijitabu cha mashine ndicho kinachosema ukweli, na vijitabu hivyo hupatikana bure kwa watengenezaji kwa kutumia namba iliyobandikwa kwenye kasha.

Kadi iliyokatwa njia

Mfano unaofaa kuangaliwa kwa undani ni wa kadi ya AMD Radeon RX 6500 XT. Kadi hii ilitoka Januari 2022 kwa bei iliyotangazwa ya Dola 199 za Marekani, wakati ambapo kadi za picha zilikuwa adimu duniani kote. Wengi waliiona kuwa mkombozi wa mwenye kipato kidogo. Sifa zilizoandikwa kwenye boksi zilikuwa nzuri, na kwa nje kadi ilikuwa na mguu mrefu wa x16 kama nyingine.

Ndani yake ilikuwa na njia 4 tu. Kwenye bodi yenye PCI Express toleo la 4, njia hizo 4 hupitisha karibu gigabaiti 7.9 kwa sekunde, na mambo huenda. Kwenye bodi ya toleo la 3, kiwango hicho hushuka hadi karibu gigabaiti 3.9. Kwa kuwa kadi yenyewe ina kumbukumbu ya gigabaiti 4 tu, kila inapojaa hulazimika kuchota data kwenye kumbukumbu ya kompyuta kupitia njia hizo chache, na kazi hukwama. Vipimo vilivyofanywa na waandishi wa mambo ya kompyuta wakati huo vilionyesha upungufu huo waziwazi katika michezo mingi.

Sasa tazama ni nani hasa aliyetarajiwa kuinunua. Ni mtu mwenye mashine ya zamani anayetaka kuiongezea nguvu kwa fedha kidogo. Bodi za Intel za mezani zilipata toleo la 4 mwaka 2021 na prosesa za kizazi cha 11, na za AMD mwaka 2019 na prosesa za Ryzen 3000. Mashine nyingi za kizazi cha 4 hadi cha 10 za Intel ziko kwenye toleo la 3. Hivyo kadi ilikuwa nzuri kwa asiyeihitaji na dhaifu kwa anayeihitaji. Pia haikuwa na kifaa ndani yake cha kusindika video ya H.264 wakati wa kuihifadhi, jambo ambalo mwenye studio ya harusi angeligundua siku ya kwanza.

Kadi hiyo si mbovu. Inafaa kwenye bodi inayolingana nayo. Lakini muuzaji aliyeagiza nyingi kwa kuangalia jina na bei alijikuta anauza kadi kwa wateja ambao mashine zao hazikuwa na njia ya kuipitisha.

Intel nayo ilikuja na kadi zake za Arc. Ile ya A380 ya mwaka 2022 ina sifa nzuri za video kwa bei ndogo, lakini kampuni yenyewe inataka bodi yenye uwezo unaoitwa Resizable BAR, na kwa prosesa zake inataja kuanzia kizazi cha 10. Kwenye mashine ya zamani isiyo na uwezo huo kadi inaweza kuwaka, lakini kasi yake hushuka sana. Mwenye OptiPlex 9020 asiuziwe kadi hiyo, hata akiipenda.

Kasha na umeme

Baada ya sloti huja mambo mawili ambayo husababisha marejesho mengi kuliko hata bodi yenyewe: ukubwa wa kasha na nguvu ya pawasaplai.

Kompyuta za mtumba za maofisini huja kwa maumbo kadhaa. Kuna mnara, kuna kasha jembamba linalolazwa, na kuna kile kiboksi kidogo kinachokaa nyuma ya skrini. Kiboksi hicho hakina sloti ya kadi ya kawaida kabisa. Kasha jembamba linakubali kadi fupi kwa kimo tu, yaani zile ambazo bati lake la nyuma lina urefu wa karibu milimita 79 badala ya 120. Kadi nyingi fupi huja na mabati mawili ndani ya boksi, refu na fupi. Kadi za mtumba mara nyingi huja na moja, na bati fupi likipotea kadi ile haifungiki kwenye kasha jembamba hata kama bodi yake inatosha. Mnunuzi wa jumla anayefungua mzigo ahesabu mabati kabla ya kuhesabu kadi.

Unene nao una maneno. Kadi yenye feni kubwa huchukua nafasi ya sloti mbili, na katika baadhi ya makasha membamba pawasaplai imekaa jirani kabisa na sloti ya x16. Kadi nene haiingii hapo. Ikihamishiwa sloti ya pili, inakuta zile njia 4.

Umeme ndio unaounguza. Sloti ya x16 kwa mujibu wa kanuni za PCI Express hutoa hadi wati 75. Kadi inayokula zaidi ya hapo huongezewa waya kutoka kwenye pawasaplai: kichwa cha pini 6 kwa wati 75 zaidi, au cha pini 8 kwa wati 150. Kompyuta za ofisini nyingi hazina vichwa hivyo. OptiPlex 9020 ya kasha jembamba ina pawasaplai ya wati 255, na ya mnara ina wati 290. Baadhi ya vijitabu vya mashine hizi hutaja hata kikomo cha sloti kilicho chini ya wati 75.

Jibu la fundi wa haraka ni kubadilisha pawasaplai. Kwa mashine hizi jibu hilo hukwama. Bodi ya kawaida hupokea umeme kwa kichwa cha pini 24, lakini OptiPlex 9020 hutumia pini 8 za muundo wa Dell, HP EliteDesk 800 G1 hutumia pini 6 za muundo wake, na Lenovo ThinkCentre M93p hutumia pini 14. Pawasaplai ya dukani haichomeki bila waya wa kubadilishia, na katika kasha jembamba haiingii hata kwa umbo. Mteja aliyeambiwa "utabadilisha tu pawasaplai" anarudi siku ya pili akiwa na maneno makali.

Jibu jingine baya zaidi ni waya unaochukua umeme wa diski ya SATA na kuugeuza kuwa pini 6. Kichwa cha SATA kimekadiriwa ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54, wakati pini 6 zinatakiwa kubeba 75. Kinachofuata ni plastiki kuyeyuka, na katika chumba chenye makaratasi kama stesheneri hiyo si hasara ya kadi peke yake.

Kwa pawasaplai zisizo na jina kubwa, namba kubwa iliyoandikwa ubavuni si ya kuaminiwa kabla ya kusoma jedwali dogo lililo chini yake. Tafuta mstari wa volti 12. Ukiandikwa ampea 18, hizo ni wati 216, hata kama ubavuni pameandikwa 500. Kadi na prosesa hula kwenye mstari huo.

Kwa sababu hizo, kadi zenye mzunguko mzuri kwa mashine za mtumba ni zile zisizohitaji waya wa ziada. GeForce GT 1030 ya mwaka 2017 inakula karibu wati 30. GTX 1650 ya mwaka 2019, iliyotangazwa kwa Dola 149, ina wati 75 na kuna matoleo yake yasiyo na kichwa cha umeme. Mengine yanacho, hivyo ni lazima kutazama kadi yenyewe badala ya jina. RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka mwaka 2024, ina wati 70. Radeon RX 6400 nayo haina kichwa cha umeme na ipo katika kimo kifupi, lakini ina ugonjwa uleule wa njia 4 kama kaka yake wa 6500 XT.

Jina moja, kadi mbili

Mnunuzi anayesoma jina tu huumia mara ya pili kwenye majina yenyewe. GT 1030 ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu ya GDDR5 yenye kasi ya gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikaja nyingine yenye jina lilelile na kumbukumbu ya DDR4, kasi yake ni gigabaiti 16.8. Hiyo ni karibu theluthi moja, na boksi halipigi kelele. GT 730 nayo iliuzwa ikiwa na chipu za vizazi viwili tofauti, Fermi na Kepler, chini ya jina moja.

Vizazi hivi vina maana kwa sababu ya programu za kuendeshea kadi. NVIDIA iliacha kutoa programu mpya kwa Fermi mwaka 2018 na kwa Kepler mwaka 2021. Mwaka 2025 ikatangaza kwamba Maxwell na Pascal, yaani GTX 750 Ti, GT 1030 na GTX 1050 Ti miongoni mwake, zitapata programu kamili ya mwisho mwezi Oktoba mwaka huo, kisha marekebisho ya usalama peke yake hadi Oktoba 2028. GTX 1650 ilibaki upande wa zinazohudumiwa. Mwenye mtaji wa kuweka mzigo wa miezi sita au zaidi ana haki ya kuliweka hilo kwenye bei anayokubali kununulia.

Kuna pia suala la skrini, ambalo linaonekana la kitoto mpaka mteja asimame kaunta. Skrini na projekta nyingi za maduka na shule bado ni za VGA. Kadi za NVIDIA kuanzia kizazi cha Pascal hazitoi tena mawimbi ya VGA. Mlango wake wa DVI hauna yale matundu manne yanayozunguka pini bapa, kwa hiyo kile kigeuzi cha bei ndogo cha DVI kwenda VGA hakichomeki. Kinahitajika kigeuzi chenye chipu ndani, kutoka HDMI au DisplayPort, na hicho ni gharama nyingine ambayo mteja anapaswa kuambiwa kabla.

Na mteja akisema mashine yake haionyeshi kitu kabisa bila kadi, tazama jina la prosesa. Za Intel zenye herufi F mwishoni hazina picha ndani yake. Kwake kadi ni lazima, na ya kujaribia ikitolewa, skrini inabaki nyeusi bila kosa la mtu.

Kadi za wachimbaji na kadi bandia

Tarehe 15 Septemba, 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha utaratibu uliotumia kadi za picha, na wachimbaji wake wakabaki na kadi wasizozihitaji tena. Nyingi ziliingia katika soko la mtumba. Nyingine ni nzima. Lakini kuna zilizotengenezwa kwa ajili ya uchimbaji peke yake, kama P106-100 ya NVIDIA ya mwaka 2017, ambayo ni ndugu wa GTX 1060 ila haina mlango hata mmoja wa skrini. Inaingia kwenye sloti, inatambuliwa na kompyuta, na mteja hana pa kuchomeka waya. Anayenunua mzigo kwa picha aombe picha ya upande wa nyuma.

Kadi bandia ni habari nyingine. Njia inayojulikana ni kuchukua kadi ya zamani kama GTX 550 Ti, kubadilisha programu iliyo ndani yake, na kuifanya ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Windows huamini. Programu ya bure ya GPU-Z, tangu mwaka 2018, huweka alama ya udanganyifu inapogundua chipu isiyolingana na jina. Programu hiyohiyo huonyesha kadi ina njia ngapi na inatumia ngapi kwa wakati huo, hivyo mstari unaosoma x16 upande mmoja na x4 upande wa pili unamaliza ubishi. Ni vizuri kadi ifanyishwe kazi wakati wa kusoma mstari huo, kwa kuwa ikipumzika hushusha toleo ili kubana umeme.

Nani anabeba hasara

Maduka mengi yamebandika tangazo kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Tangazo hilo halimalizi kila kesi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, na ile ya Kenya, Sura ya 31, zote zimefuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Chini yake, mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotaka kitu kifanye, akategemea ujuzi wa muuzaji huyo, na kitu hicho kikiwa katika biashara yake ya kawaida, sheria inachukulia kwamba kitu kinapaswa kufaa kwa kazi hiyo. Lakini mnunuzi akitaja mwenyewe kitu maalumu kwa jina lake la kibiashara, sharti hilo halimfuati muuzaji.

Tofauti hiyo ni kubwa kaunta. Mteja anayesema "nipe GTX 1650" amechagua mwenyewe. Mteja anayesema "nina kompyuta hii, nataka ifanye video, nipe kadi inayofaa" amemkabidhi muuzaji uamuzi, na hasara ikitokea ana la kusema. Muuzaji mwenye busara huandika kwenye risiti ni lipi kati ya hayo mawili lililotokea: jina la kadi lililoombwa, au aina ya mashine ambayo mteja alisema anayo.

Kuhusu aina ya mashine, mteja wa kawaida hajui bodi yake, naye asilaumiwe. Akiwa na kompyuta inayowaka, aandike msinfo32 kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows. Mtengenezaji, aina na jina la bodi vitatokea. Akiwa hana, apige picha tatu kwa simu: kibandiko cha nje chenye aina ya mashine, jedwali la pawasaplai, na ndani ya kasha likiwa limefunguliwa na sloti zinaonekana. Picha ya tatu apige akiwa ameweka rula kando ya sloti, kwani urefu kutoka kwenye bati la nyuma hadi kwenye kizuizi cha kwanza, mara nyingi kizimba cha diski, ndio utakaoamua kama kadi ndefu itaingia.

Muuzaji anayepokea picha hizo kwa simu jioni anaweza kujibu kabla ya asubuhi, na kadi ikapelekwa mikoani ikiwa imeshakubalika. Kwa anayesafirisha kwa basi kwenda Mbeya au Mwanza jambo hilo lina uzito wake, kwa kuwa kadi isiyofaa hulipiwa nauli mara mbili, na ile ya kurudi hakuna mteja anayekubali kuilipa.